Mjadala: Wafiwa waulizwe kwanza kabla msiba wao haujageuzwa tamthilia?

Nianze na tukio moja, maana ndilo lililonisukuma kuileta hoja hii.

Februari 1992, mahakamani Milwaukee, jimbo la Wisconsin, Marekani. Jeffrey Dahmer anasubiri kusomewa adhabu. Ameua wanaume na wavulana 17 kati ya 1978 na 1991. Ndugu wa marehemu wanapewa nafasi ya kusema, mmoja baada ya mwingine. Anasimama Rita Isbell, dada wa Errol Lindsey, kijana aliyeuawa akiwa na miaka 19. Uchungu unamzidi. Anapaza sauti, anamfokea yule mtu, anamwendea pale alipoketi mpaka askari wanamzuia. Kamera za televisheni zilikuwamo na zilinasa yote.

Miaka 30 ikapita. Tarehe 21 Septemba 2022 Netflix ikatoa tamthilia ya sehemu 10 kuhusu Dahmer, kazi ya Ryan Murphy na Ian Brennan, Evan Peters akimwigiza muuaji. Tukio lile limo, maneno ni yale yale, na mwigizaji ametengenezwa nywele na kuvalishwa nguo za kumfanana Isbell. Isbell mwenyewe aliandika baadaye kwamba hakuna mtu wa Netflix aliyemtafuta, na kwamba kuliona tukio lile kulimrudisha upya katika siku ile.

Swali langu ni hili: mtu aliyefiwa, ambaye bado yu hai, ana haki gani juu ya kilio chake mwenyewe?

Nasema mapema msimamo wangu ili tusizungukane. Sipingi tamthilia za namna hii zisitengenezwe. Mimi mwenyewe nilizitazama sehemu zote 10 kwa siku mbili, na nilipomaliza nilijisikia vibaya kwa namna ambayo sikuielewa mpaka niliposoma maandishi ya Isbell. Ninachosema ni kwamba aliyefiwa aarifiwe kabla, na asikie kutoka kwa watengenezaji wenyewe, si kutoka kwa jirani aliyekwisha kutazama. Na pale ambapo sura na maneno ya mtu aliye hai yanataka kunakiliwa, aombwe ruhusa, na akikataa iwe basi.

Najua sheria haisemi hivyo. Marekani, yaliyosemwa mbele ya hakimu yako wazi kwa kila mtu. Mfu hawezi kukashifiwa, kwa hiyo ndugu zake hawana kesi. Na uhuru wa kujieleza umelindwa na katiba yao kwa nguvu sana. New York walijaribu kugusa jambo linalokaribiana na hili mwaka 1977, baada ya kukamatwa kwa David Berkowitz, muuaji wa watu kadhaa mjini humo: walitunga sheria ya kuzuia mhalifu asinufaike kwa kuuza habari za uhalifu wake. Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta Desemba 1991, ikisema inabana uhuru wa kusema. Majimbo mengi yaliandika upya sheria zao kwa uangalifu zaidi, lakini angalieni zinamlenga nani. Zinamlenga mhalifu. Kampuni inayotengeneza tamthilia haiguswi kabisa, wala haidaiwi senti na familia ya marehemu.

Sasa linganisheni na jambo lililotokea Milwaukee kwenyewe. Dahmer aliuawa gerezani na mfungwa mwenzake Novemba 1994. Vitu vyake, ikiwemo vile alivyotumia katika mauaji, vilikuwa mbioni kupigwa mnada mwaka 1996 ili fedha ziende kwa familia zilizokuwa zinaidai mali yake. Wapo ambao wangevinunua kwa bei yoyote wakaviweke sebuleni. Watu wa mji ule wakachanga zaidi ya dola 400,000, wakavinunua vyote na kuviteketeza, na fedha zikaenda kwa familia. Jengo alilokuwa akiishi lilikwisha kubomolewa mwaka 1992. Yaani mji mzima ulishaamua kwamba hakuna kitu cha mtu huyu kitakachofanywa kumbukumbu ya kutazamwa. Halafu ikaja skrini ikakijenga upya chumba kile kile, na vifaa vyake, na jokofu lake. Katika siku 60 za mwanzo watazamaji walitumia zaidi ya saa bilioni moja kukitazama. Oktoba ile ile eBay, soko la mtandaoni, ilibidi ipige marufuku mavazi ya kujifananisha na Dahmer yaliyokuwa yakiuzwa kwa ajili ya Halloween, sikukuu ambayo watoto hujivalisha mavazi ya kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Nikilifikiria hilo la mavazi, namfikiria mama mzazi wa yeyote kati ya wale 17, amekutana na mtoto wa jirani mlangoni amevaa hivyo, anaomba peremende.

Watetezi wa tamthilia ile wana hoja moja nzito na sitaki kuipita haraka. Wanasema imefichua polisi. Ni kweli. Mei 1991 mvulana wa miaka 14, wa familia iliyohamia kutoka Laos, alitoroka kwenye nyumba ya Dahmer akiwa uchi na amelewa dawa. Wasichana wawili weusi wakamwona wakaita polisi. Polisi wakaja, wakamsikiliza Dahmer, mwanaume mweupe aliyejieleza vizuri, wakamrudishia mtoto. Glenda Cleveland, mama wa mmoja wa wasichana wale, akapiga simu polisi tena na tena kuuliza yule mtoto yuko salama, akajibiwa kwamba ni mtu mzima na jambo limekwisha. Mvulana aliuawa siku hiyo hiyo, na wengine wanne wakauawa baada yake kabla Dahmer hajakamatwa Julai. Askari wawili walifukuzwa kazi, kisha mwaka 1994 wakarudishwa kwa amri ya mahakama. Vijana wengi waliozaliwa baadaye wamelijua hili kwa sababu ya tamthilia tu, na Niecy Nash-Betts alimwigiza Cleveland kwa uzito mkubwa hata akapata Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani.

Nakubali yote hayo. Lakini hata hapo walipofanya vizuri wamebadilisha: Cleveland wa kweli alikaa jengo la jirani, wao wamemweka ukuta kwa ukuta na muuaji, wakampa na mambo ya jirani mwingine, kwa sababu inapendeza zaidi kwenye skrini. Na jina la muuaji ndilo lililoandikwa juu. Ukitaka kusimulia uzembe wa polisi, huhitaji kutuonyesha kwa utulivu jinsi kisu kinavyopita.

Nasema hivyo kwa sababu nimeona namna nyingine. Septemba 2023 ITV ya Uingereza ilirusha tamthilia ya sehemu 7 kuhusu mauaji ya Peter Sutcliffe, aliyeua wanawake 13 kaskazini mwa Uingereza kati ya 1975 na 1980. Mwanzo ilipewa jina ambalo magazeti yalimbandika muuaji. Ndugu na walionusurika wakapinga. Jina likabadilishwa likawa The Long Shadow, yaani kivuli kirefu. Mtaona ni jambo dogo. Kwa mtu ambaye kwa zaidi ya miaka 40 kila anapopita kwenye meza ya magazeti anaona jina la sifa alilopewa aliyemuua mama yake, si dogo.

Na si jina tu. Sutcliffe humwoni sawasawa mpaka karibu na mwisho. Mauaji yenyewe karibu hayaonyeshwi. Badala yake unakaa nyumbani kwa Emily Jackson, mmoja wa wanawake waliouawa, unaona madeni, unaona mume anayeezeka mapaa na kazi haitoshi, unaelewa kwa nini mama yule alitoka usiku. Unawaona watoto wa Wilma McCann, naye mmoja wa waliouawa, waliotoka nje alfajiri wakaenda kusimama kituo cha basi kumsubiri mama yao arudi. Unakutana na Marcella Claxton, aliyenusurika mwaka 1976 na kutoa maelezo ya mtu aliyemshambulia, polisi wasiunganishe maelezo yake na mauaji mengine. Mimi nilipozima televisheni nilikuwa nayajua majina ya wanawake wale. Baada ya ile ya Dahmer nilikuwa nalijua jina moja.

Na uzembe wa polisi umo wote, tena kwa kina kuliko ile nyingine. Sutcliffe alihojiwa mara 9 akaachiwa. Kadi za taarifa zilijaa chumba hata kilichoandikwa katika kadi moja hakikuonekana katika nyingine. Mwaka 1979 ikaletwa kanda ya sauti ya mtu anayejidai ndiye muuaji, mwenye lafudhi ya Sunderland, mji wa kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Mkuu wa upelelezi George Oldfield akaiamini, na kuanzia hapo asiye na lafudhi ile akawa hashukiwi. Ilikuwa uongo mtupu. Mwenye sauti, John Humble, alifungwa miaka 8 mwaka 2006. Wakati huo wote polisi na magazeti walikuwa wakiwagawa marehemu mafungu mawili: wasio na hatia, na wale wanaojiuza. Mpaka Novemba 2020 ndipo mkuu wa polisi wa West Yorkshire alipoomba radhi kwa lugha ile. Tamthilia inayaonyesha haya bila kumfanya muuaji kuwa nyota.

Kwa hiyo anayeniambia kwamba haiwezekani, najibu kwamba imeshafanyika.

Haya, karibuni. Mnaopinga njooni na hoja, nitajibu.

Nyongeza, baada ya kusoma majibu yenu

Mmoja amesema: "Familia zikipewa nafasi ya kukataa, hakuna tamthilia ya kweli itakayotengenezwa tena." Nimelifikiria hili usiku mzima. Angalia Mr Bates vs The Post Office, ya Januari 2024, Uingereza vilevile, na Toby Jones aliyeigiza mpelelezi katika The Long Shadow ndiye Alan Bates humo, msimamizi wa posta aliyeongoza wenzake kudai haki. Inahusu wasimamizi wa ofisi ndogo za posta zaidi ya 900 waliotiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu ambao haukuwapo, kosa likiwa ni la programu ya kompyuta iliyoitwa Horizon. Walioumizwa walishirikishwa, wakasimulia wenyewe. Ilitazamwa na mamilioni, na Mei mwaka huo huo bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu zile. Najua si mauaji, na aliyeumia anataka dunia ijue, tofauti na mama anayetaka kusahau. Lakini inaonyesha kwamba kuwauliza wenye maumivu hakukaushi hadithi.

Mwingine amenikumbusha kwamba Ryan Murphy alisema timu yake iliwatafuta kama watu 20, ndugu na marafiki wa marehemu, kwa muda wa miaka mitatu na nusu, na hakuna hata mmoja aliyejibu. Ni vizuri limetajwa, na sina ushahidi wa kumwita mwongo. Ila Isbell anasema hakutafutwa, na yeye ndiye ambaye maneno yake yalinakiliwa. Na hata kama barua 20 zilitumwa, kukaa kimya hakumaanishi kuridhia. Mtu aliyefiwa ukimbishia hodi asifungue, unarudi kwenu, hupandi dirishani.

Kuna aliyeandika, na naona wengi mmemuunga mkono: "Kama inauma, wasitazame. Rimoti ipo." Hapa nakataa kwa nguvu zote. Aliyefiwa hachagui kuona. Tangazo liko barabarani, kipande kiko kwenye simu ya mtoto wa dada yake, kazini mwenzake anauliza kama ameifikia sehemu ya sita. Rimoti unayo wewe na mimi.

Aliyenitikisa kidogo ni yule aliyeuliza: ndugu wa marehemu mmoja wakitofautiana, dada anataka na kaka hataki, nani asikilizwe? Hilo gumu, na linatokea. Nadhani hadithi kwa ujumla isizuiwe na mtu mmoja, ndiyo maana sikusema familia ziwe na kura ya kuua kazi nzima. Nimeomba mambo mawili tu: taarifa kwa wote, na ruhusa ya yule ambaye sura yake au maneno yake yatachezwa. Kwa Errol Lindsey hakukuwa na utata wowote. Dada mmoja alisimama mahakamani, akasema maneno yake, na yu hai.

Basi kwa wale mnaoshikilia kwamba hakuna kosa lililofanyika, nawaomba mnijibu hili moja bila kuzunguka: watu walitafuta mpaka nguo za siku ile zifanane, wakapanga mpaka nywele. Kwa nini simu ya kumwarifu mwenye nguo hizo haikupigwa?