XFCE: "Zima" na "Washa upya" zimefifia. Kati ya njia hizi nne, ipi bora?

skrini_nyeusi
Habari zenu wakuu. Nimeweka Linux ya Debian 12 bila vifurushi vya kupendekezwa, nikaongeza desktopu ya XFCE, naiwasha kwa `startx` kutoka kwenye konsoli. Inakwenda vizuri, ila nikifungua dirisha la kutoka, "Ondoka" inabonyezeka lakini "Washa upya" na "Zima" zimefifia. Nikiandika `systemctl poweroff` kwenye tamino (dirisha la kuandikia amri) nadaiwa nywila ya msimamizi.

Nimesoma huku na kule nikaondoka na njia nne: kuruhusu amri ya kuzima bila nywila kwenye sudoers (orodha ya nani anaendesha amri gani kama msimamizi), kuandika kanuni ya polkit (huduma inayoamua nani aruhusiwe kufanya nini), kuweka LightDM (skrini ya kuingilia) ili niache `startx`, au kurekebisha sesheni yenyewe (hii sijaielewa sawasawa). Naomba mnilinganishie. Nataka suluhisho litakalodumu hata nikisasisha mfumo.

amri_tupu
Mkuu, kwa kompyuta ya mtu mmoja mimi nasimama na sudoers. Unafungua faili jipya kwa `visudo -f /etc/sudoers.d/kuzima`, unaandika mstari mmoja:

`jina_lako ALL=(root) NOPASSWD: /usr/bin/systemctl poweroff, /usr/bin/systemctl reboot`

Kisha unatengeneza faili mbili za .desktop ndani ya `~/.local/share/applications`, moja ya kuzima na moja ya kuwasha upya, unaziweka kwenye paneli. Dakika chache umemaliza. Angalizo moja tu: andika amri hizo mbili kama zilivyo. Kuna mafunzo yanayokuambia uandike `NOPASSWD: ALL`, hayo yaache kabisa. Ukifuata hayo, programu yoyote inayoendeshwa kwa jina lako inaweza kufanya lolote kwenye mfumo.

mzizi
Naheshimu jibu la amri_tupu, na kwa mtu anayetumia Openbox au i3 (vidhibiti vya madirisha vyepesi) bila menyu ya kuzima ningelikubali. Lakini swali hapa ni vitufe vya XFCE, na sudoers haivigusi. Dirisha la kutoka halisomi sudoers. Linauliza logind (huduma ya systemd inayofuatilia walioingia) kupitia D-Bus, njia ya programu kuzungumza, logind nayo inauliza polkit. Vitabaki vimefifia hata ukiandika mistari mia.

Kuna tofauti nyingine ambayo watu huipuuza. Kitufe cha XFCE hufunga sesheni kwa utaratibu: programu zinapewa nafasi ya kukuuliza kama unataka kuhifadhi kazi, ndipo kompyuta inazimwa. `systemctl poweroff` haina mazungumzo hayo na XFCE. Programu zinaamriwa kufunga, na barua uliyokuwa hujaihifadhi inaweza kwenda nayo.

Kwa hiyo skrini_nyeusi, kabla ya kuchagua njia, uliza logind mwenyewe:

`busctl call org.freedesktop.login1 /org/freedesktop/login1 org.freedesktop.login1.Manager CanPowerOff`

Jibu ni neno moja. `yes` maana yake una ruhusa, basi tatizo liko kwenye mipangilio ya desktopu. `challenge` maana yake unaweza kuzima ukitoa nywila. `no` ni kukataliwa, na `na` ni kwamba mashine yenyewe haina uwezo huo. Halafu andika `loginctl` peke yake utuambie inaorodhesha nini, pamoja na `echo $XDG_SESSION_ID`.

Swali la nyongeza: ukichomeka flashi, Thunar (programu ya mafaili ya XFCE) inaifungua bila nywila?

fundi_paneli
Wakati tunasubiri majibu, niwasemee wale ambao `CanPowerOff` itawajibu `yes`. Msihangaike na polkit. Kwenye XFCE, bonyeza kulia kile kitufe cha vitendo kwenye paneli, fungua sifa zake, hakikisha kuzima na kuwasha upya vimewekewa tiki. Kama mashine imetayarishwa na mtu mwingine, angalia kama kuna `/etc/xdg/xfce4/kiosk/kioskrc`, maana ndipo msimamizi anapoweza kuwafungia watumiaji uwezo wa kuzima.

Desktopu ya GNOME ina yake: `gsettings get org.gnome.desktop.lockdown disable-log-out`. Ikijibu `true`, pamoja na kutoka, kuzima nako kunatoweka kwenye menyu. Skrini ya kuingilia ya GDM ina ufunguo tofauti, `disable-restart-buttons` chini ya `org.gnome.login-screen`. Na wanaotumia LightDM yenye skrini ya GTK, kama alama ya kuzima haionekani kabla ya kuingia, tazameni mstari wa `indicators` ndani ya `/etc/lightdm/lightdm-gtk-greeter.conf`, `~power` iwemo.

skrini_nyeusi
Asante sana wakuu. Majibu yangu: `CanPowerOff` inasema `challenge`. `loginctl` inasema "No sessions." na `XDG_SESSION_ID` ni tupu. Flashi haifunguki, naambiwa sina idhini. Nilidhani hayo ni matatizo mawili tofauti.

mzizi
Ni tatizo moja, na ndiyo sababu ya kukuuliza habari za flashi.

logind inatunza orodha ya nani ameingia, yuko kwenye mashine hii au kwa mbali, na kama yeye ndiye aliye mbele ya skrini sasa hivi. Kanuni za awali za polkit zimejengwa juu ya orodha hiyo: aliye kwenye sesheni ya hapahapa iliyo hai anaruhusiwa kuzima bila kuulizwa, wengine wote wanadaiwa nywila ya msimamizi. Wewe huna sesheni kabisa, kwa hiyo unahesabiwa kama mgeni kwenye kompyuta yako. Ndiyo maana kuzima kunakataa, na flashi inakataa.

Anayekuandikisha kwenye orodha hiyo ni moduli ya PAM (mfumo unaoshughulikia kuingia kwa watumiaji) iitwayo `pam_systemd`. Debian inaileta kwa kifurushi cha `libpam-systemd`, na ni rahisi kukikosa ukiacha vifurushi vya kupendekezwa. Fanya hivi:

`apt install libpam-systemd polkitd`

Kisha hakikisha `/etc/pam.d/common-session` ina mstari unaotaja `pam_systemd.so`, kifurushi huuweka chenyewe. Baada ya hapo toka mpaka kwenye konsoli, ingia upya, ndipo uandike `startx`. Kufunga XFCE na kuiwasha tena bila kutoka konsoli hakutoshi, kwa sababu sesheni hufunguliwa pale unapoandika jina na nywila. Pia usiingie kama root (msimamizi mkuu) kisha ukahamia kwa `su`: sesheni itabaki kuwa ya root.

Sasa ulinganisho wako. Kanuni ya polkit ingeonekana hivi, kwenye `/etc/polkit-1/rules.d/50-kuzima.rules`:

```
polkit.addRule(function(action, subject) {
  if ((action.id == "org.freedesktop.login1.power-off" ||
       action.id == "org.freedesktop.login1.reboot") &&
      subject.isInGroup("sudo")) {
    return polkit.Result.YES;
  }
});
```

Ingeruhusu kuzima, lakini flashi ingebaki ilivyo, na kesho ungekuja na lingine. Tena inamruhusu kila aliye kwenye kundi hilo, hata aliyeingia kutoka mbali kwa SSH. Ukitaka kuibana kwa kuongeza `subject.local`, haitakusaidia, kwa kuwa huna sesheni ya kuhesabiwa kuwa ya hapahapa. Kanuni hizi nazipenda pale msimamizi anapotaka kubadilisha sera kwa makusudi, kwa mfano kuruhusu kuzima wakati mtu mwingine bado ameingia (hiyo ni `power-off-multiple-sessions`, ambayo kwa kawaida hudai nywila).

LightDM ni nzuri ukitaka skrini ya kuingilia. Lakini nayo hufungua sesheni kupitia PAM hiyohiyo, kwa hiyo ukiiweka kwa ajili ya vitufe tu, umezunguka mlima.

kijiti
Nyongeza kwa wasiotumia systemd: Void, Artix, Devuan, Gentoo ya OpenRC. Mantiki haibadiliki, ila kazi ya logind inafanywa na elogind, na moduli ni `pam_elogind`. Huduma ya D-Bus iwe inaendeshwa kabla. Mkikutana na mafunzo ya zamani yanayosema mwandike `ck-launch-session` kwenye `.xinitrc`, jueni ni ya enzi za ConsoleKit, mtangulizi wa logind. Vilevile, faili za .pkla (mtindo wa zamani wa kanuni za polkit) zilizozoeleka kwenye Debian za nyuma hazisomwi na polkit ya Debian 12 isipokuwa uweke `polkitd-pkla`. Watu wengi wananakili .pkla, hawaoni mabadiliko, wanafikiri wamekosea kuandika.

amri_tupu
mzizi, hoja ya kuhifadhi kazi imenigeuza kwa upande wa XFCE. Kwa i3 naendelea na njia yangu, ila nimejaribu sasa hivi: sesheni ikiwa hai, `systemctl poweroff` haihitaji sudo hata kidogo. Nimefuta faili la sudoers, nimebakiza faili za .desktop.

skrini_nyeusi
Imekubali! `libpam-systemd` haikuwepo, `polkitd` ilikuwepo. Nimetoka, nimeingia, `CanPowerOff` inajibu `yes`, vitufe viwili vimewaka na flashi inafunguka bila kuulizwa. Nimebaki na swali moja: mashine hiihii huwa naiingilia kwa xrdp (kuona desktopu yake kupitia mtandao) nikiwa mbali. Huko nako vitufe vitafanya kazi?

mzizi
La, huko utaendelea kudaiwa nywila, na usilibadilishe hilo. Ukiizima ukiwa mbali hutakuwa na wa kuiwasha. Weka ajenti ya polkit, `lxpolkit` au `mate-polkit`, ianze pamoja na XFCE, ili `challenge` ikitokea upate dirisha la kuandika nywila.