Kutembea jioni: Upanga, Oysterbay au Kariakoo?

Mama Ilham: Wakuu, habari za jioni. Mama yangu, miaka 68, amehamia kwangu Dar na daktari amemtaka atembee nusu saa kila siku. Natafuta nyumba ya kupanga, na safari hii naangalia kwanza mtaa, vyumba baadaye. Nimebaki na hiyo mitatu. Wapi mtu anatembea akafurahia, si kumaliza dozi tu?

Mkazi wa Mindu: Upanga. Miti ni mikubwa, saa kumi jioni kivuli kimeshatanda. Hujaenda mbali umekuta duka, muuza madafu, watoto wanatoka madrasa. Ubaya wetu ni mifereji isiyofunikwa, na magari yanayopaki juu ya njia ya miguu. Hapo mama atalazimika kushuka barabarani, nami hilo linaniudhi kila siku.

Pwani Pwani: Oysterbay, dada. Upepo wa Toure Drive, mihogo ya ufukwe wa Coco, halafu tangu Daraja la Tanzanite lifunguliwe 2022 unavuka kwa miguu mpaka upande wa Upanga, kilomita moja na kidogo, bahari iko chini yako.

Dogo wa Kongo: @Pwani Pwani ufukweni nakubali. Mitaa ya ndani je? Ukuta, geti, ukuta, geti. Unatembea dakika kumi hujapata wa kumwamkia. Kariakoo macho hayachoki: vitenge, sufuria, viatu, kila mlango na jambo lake. Ila siwezi kumdanganya mama wa watu. Jioni Mtaa wa Kongo ni mikokoteni na bodaboda, "pisha, pisha!" Aje Jumapili asubuhi, atapapenda.

Somo wa Kiponda: Mie niko Unguja, niruhusuni. Huku Mji Mkongwe vichochoro ni vyembamba, pengine ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na watu wanatembea mpaka usiku. Nyumba ni ndefu, hivyo jua la mchana halifiki chini kwa urahisi. Njia inapinda, kila kona ina mlango wa nakshi au harufu ya chakula cha mtu. Lakini kubwa ni baraza za mawe mbele ya nyumba. Bibi akichoka anakaa, anasalimiwa, anaulizwa wajukuu, anaendelea. Mvua ikijaa kichochoroni, watu hupita juu ya baraza hizo hizo. Pale Jaws Corner wazee wana kahawa yao na mazungumzo hayaishi. Kero yetu ni vespa zinazokuja kwa kasi. Kwa hiyo mwanangu, usihesabu upana wa njia. Hesabu pahala pa kukaa.

Mkazi wa Mindu: Somo, hilo la kukaa sikuliwaza kabisa, na ni kweli.

Mama Ilham: Ahsanteni sana, na shikamoo Somo. Nimezunguka naye siku mbili. Oysterbay alifurahia bahari, tulipoingia mitaani akaniuliza, "Watu wa huku wako wapi?" Upanga alikaa mara mbili, kwenye benchi la muuza kahawa na kwenye ngazi ya duka, na mwenye duka akamletea maji. Tulirudi baada ya saa nzima. Nimelipia Upanga. Mbele ya geti kuna mfereji uko wazi. Mwenye kumjua fundi mzuri wa mifuniko ya zege, tafadhali anitumie ujumbe.