Oksijeni asilimia 80 wakati wa upasuaji: kidonda kinalindwa, figo je?

MLETA MADA (mtoa dawa za usingizi, Tanzania)

Wakuu, habari za zamu. Jambo hili limenikaa rohoni muda mrefu. Mgonjwa akishapanda mezani, akalala na kuwekewa mpira kooni, wengi wetu tunafungua oksijeni hadi juu. Kifaa cha kidole, kinachopima asilimia ya oksijeni iliyobebwa na damu, kinasoma 100, tunatulia. Mimi naamini hapo tunazidisha dawa, na kiungo kinachoweza kulipa gharama ni figo.

Novemba 2016 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo wa kuzuia maambukizi ya vidonda vya upasuaji. Lilishauri mtu mzima anayefanyiwa upasuaji kwa nusukaputi akiwa na mpira kooni apewe oksijeni ya asilimia 80 wakati wote wa upasuaji, na ikiwezekana saa 2 hadi 6 baada yake. Hewa tunayovuta sote ina asilimia 21. Wataalamu wengi wa usingizi walipinga, na mwaka 2018 ushauri ule ukashushwa kutoka wa nguvu kuwa wa masharti. Haukufutwa, ndiyo maana bado tunabishana.

Figo zinaingiaje? Zote mbili hazifiki asilimia 1 ya uzito wa mwili, lakini zinapokea karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Ungedhani zinaogelea kwenye oksijeni. Sivyo. Nyama ya ndani kabisa ya figo inaishi kwa mgandamizo wa oksijeni wa milimita 10 hadi 20 za zebaki, wakati kwenye ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, ni karibu 100. Na hapo hapo ndipo penye kazi nzito ya kurudisha chumvi mwilini. Damu ikipungua kidogo, sehemu hiyo inaumia kwanza. Oksijeni ikizidi kwenye damu, mishipa midogo huweza kubana, na molekuli kali zinazotokana na oksijeni hiyo huziunguza seli.

Mwaka 2022 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi wa rekodi za wagonjwa 350,647 waliofanyiwa upasuaji katika vituo 42 Marekani. Waliopewa oksijeni nyingi kupita mahitaji walikuwa na uwezekano wa figo kuumia ghafla uliozidi kwa asilimia 26 ukilinganisha na waliopewa kidogo.

Sisemi anayehitaji oksijeni anyimwe. Nasema 100 si lengo. Kidole kikishika 94 hadi 98, tupunguze. Nawasilisha.

DAKTARI WA UPASUAJI (Kenya)

Ndugu yangu, wewe unaachana na mgonjwa akishaamka. Mimi ndiye nafungua bandeji siku ya tano nikakuta usaha.

Mwaka 2000 wagonjwa 500 wa upasuaji wa utumbo mpana waligawanywa kwa kura, wengine asilimia 80, wengine 30. Walioambukizwa vidonda ni asilimia 5.2 kwa kundi la 80, na 11.2 kwa kundi la 30. Hiyo ni nusu! Maambukizi yakishaingia kwenye damu, hizo figo unazozilinda ndizo zitazima mapema.

Tena, utafiti wako wa Marekani ni wa kusoma mafaili. Mgonjwa aliye hoi ndiye anayefunguliwa oksijeni zaidi, na figo zake zingeumia hata ungempa hewa ya dirishani. Hapo kosa la oksijeni umelionaje?

MLETA MADA

Daktari, ya mafaili umenibana, nakubali. Na nikuongezee silaha mwenyewe: Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walichukua wagonjwa 200 wa upasuaji wa moyo. Nusu walipewa oksijeni tupu, nusu kiasi cha kushikilia 95 hadi 97. Dalili za molekuli kali ziliongezeka kwenye damu ya waliopewa oksijeni tupu, lakini figo hazikuumia zaidi. Siwezi kuleta mada hii nikauficha utafiti huo.

Lakini na wewe usisimame kwenye mwaka 2000. Denmark walirudia mwaka 2009 kwa wagonjwa karibu 1,400: maambukizi asilimia 19.1 kwa waliopewa 80, na 20.1 kwa waliopewa 30. Hakuna tofauti. Cleveland, Marekani, nao, mwaka 2018, wagonjwa zaidi ya 5,000, hakuna tofauti. Kama faida kwa kidonda imeyeyuka na madhara kwa figo hayajathibitishwa, kwa nini tukimbilie kipimo kikubwa? Dawa nyingine yoyote tungeanza na kiasi kinachotosha.

MUUGUZI WA WAGONJWA MAHUTUTI

Naomba niingilie. Hiyo 94 unaipima kwa nini? Kwa kifaa cha kidole. Mwaka 2020 madaktari wa Michigan walionyesha kwamba kati ya wagonjwa weusi ambao kidole kilisoma 92 hadi 96, karibu 12 katika kila 100 walikuwa chini ya 88 damu ya ateri ilipopimwa. Kwa wazungu walikuwa karibu 4. Ngozi zetu ndizo hizo, na mashine ya kupima gesi kwenye damu wodini kwangu hakuna. Ukiniambia nishushe hadi 94, inawezekana nimemshusha mgonjwa hadi 87 na sijui.

Figo hiyo unayosema ndani yake mna oksijeni ya 10 tu, itapona kwa kupunguziwa?

NDUGU WA MGONJWA

Mimi si mtaalamu. Mwaka 2021 nilizunguka mjini na mtungi kwenye bajaji usiku kucha nikitafuta pa kuujaza kwa ajili ya baba. Kichwa cha mada hii kimenishtua. Mkishamaliza kubishana, kuna kiongozi atasema "wataalamu wenyewe wamesema oksijeni ina madhara", na bajeti ya mitungi itakatwa. Semeni kwa sauti mnamzungumzia nani.

MLETA MADA

Pole sana, kaka. Umenikumbusha nilipopaswa kuanzia. Tume ya jarida la Lancet, mwaka 2025, ilikadiria kwamba kusini mwa Sahara watu 9 katika kila 10 wanaohitaji oksijeni kwa ugonjwa wa ghafla au upasuaji hawaipati. Hawa ni wengi kuliko wanaozidishiwa mezani. Anayehema kwa shida apewe, na mapema. Ninayemzungumzia ni mgonjwa aliyelala, mapafu mazima, damu imeshabeba yote inayoweza kubeba.

Muuguzi, ya ngozi umenishinda. Nafuta 94, nasema nisishuke chini ya 96 kwa kifaa cha kidole.

Niongeze hesabu ndogo. Gramu moja ya hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, hubeba mililita 1.34 za oksijeni. Mwenye gramu 12 za hemoglobini katika kila mililita 100 za damu, humo ana karibu mililita 16 za oksijeni. Ukimpandisha kutoka mgandamizo wa 100 hadi 400, unamwongezea mililita 0.9 tu. Kwa mama anayevuja damu, amebaki na gramu 5, anabeba 6.7, na hiyo 0.9 inaonekana. Huyo mfungulie hadi juu huku ukikimbiza damu benki.

Kinachoniuma zaidi nimekichelewesha. Nilikuwa na mgonjwa wa utumbo uliojifunga, ametapika siku mbili kabla ya kuletwa. Kidole kilisoma 100 mwanzo hadi mwisho. Siku ya pili mkojo ukakata. Sijui kama oksijeni ilichangia, presha yake ilishuka mara kadhaa na alikuwa amekauka maji. Sitajua, kwa sababu hatukuwa tumepima kreatinini kabla, ile taka ya damuni ambayo figo huisafisha. Kreatinini ikipanda miligramu 0.3 kwa desilita ndani ya saa 48, figo zimeumia. Mkojo chini ya nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, ukaendelea saa 6, vivyo hivyo. Mtu wa kilo 60 ni mililita 30 kwa saa. Nani kati yetu anaiandika kila saa?

DAKTARI WA UPASUAJI

Kwetu tunaandika ya jumla ya zamu nzima. Hapo sina la kujitetea. Kuanzia wiki hii, kreatinini kabla na siku ya pili kwa kila tumbo ninalofungua. Bado nataka 80 kwa utumbo mpana, lakini nitakuwa na kitu cha kutazama.

MTOA DAWA ZA USINGIZI MWINGINE (Uganda)

Swali kwa mleta mada. Mashine yetu haina bomba la hewa ya kawaida, ina oksijeni tu. Hiyo kupunguza nitapunguzia wapi?

MLETA MADA

Kama mna ile mashine ya usingizi inayovuta hewa ya chumbani, unganisheni na konsentreta, mashine ya kuchuja oksijeni kutoka hewani, ya lita 5 kwa dakika. Mgonjwa anavuta mchanganyiko, na hapo unapanda au kushuka kwa lita, bila bomba la pili. Kama hamna, tumia oksijeni tupu, shika presha isianguke, na weka mtu wa kusoma mfuko wa mkojo kila saa hadi asubuhi.