Mnabadilisha sura ya krosova ndogo na kuondoa kila kilichofanya ipendwe

Wakuu, huu ni uzi wa malalamiko na sitabembeleza mtu. Kila krosova ndogo, yaani gari lenye umbo la SUV lililojengwa kwa msingi wa gari dogo la kawaida, inapotolewa upya, mjadala wote unaishia kwenye shoo ya mbele: taa zimekuwa nyembamba, bampa limekuwa kubwa, imependeza, imechukiza. Tunabishana kuhusu sura, na huku watengenezaji wanaondoa yale yaliyolifanya gari lipendwe. Hakuna anayeuliza.

Sura ndiyo kosa rahisi kuliko yote kurekebisha. Jeep Cherokee ya 2014 ilikuja na taa zilizogawanywa, nyembamba juu, kubwa chini, ikasemwa sana. Toleo la 2019 likarudi na taa za kawaida, basi. Bampa, shoo na taa hufungwa kwa boliti na klipu, ndiyo maana hubadilishwa katikati ya maisha ya toleo. Lakini nguzo za milango, tundu la buti, mahali pa tangi la mafuta na nafasi ya tairi la akiba vimeshachongwa kwenye bodi tangu siku ya kwanza. Wakikosea hapo, tunaishi na kosa hilo mpaka kizazi kingine kije, na magari yaliyokwisha kuuzwa yanakufa nalo.

Anzeni na rimu. Krosova iliyokuwa inavaa 215/65R16 inapewa 225/50R18 kwa sababu kwenye picha rimu kubwa inajaza upinde wa bodi. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ukuta wake kwa asilimia ya upana huo, ya mwisho ni rimu kwa inchi. Pigeni hesabu: 215 mara 0.65 ni karibu milimita 140 za ukuta wa tairi. 225 mara 0.50 ni 112.5. Mmepoteza milimita 27 za mpira, na kimo cha tairi zima ni karibu kilekile, milimita 686 dhidi ya 682. Gari halikupanda. Mpira umepungua, chuma kimeongezeka. Shimo ambalo ukuta ule mnene ulilimeza sasa linafika kwenye rimu: mdomo wa rimu unapinda, au nyuzi za ndani ya tairi zinakatika kwa kubanwa kati ya rimu na ukingo wa shimo, na tairi linavimba ubavuni. Kishindo kilichobaki kinakwenda kwenye viungo vya sasipensheni: bushi, boljointi na linki za stabilaiza. Halafu tunaambiwa toleo jipya "linakula bushi", wakati bushi zenyewe huenda ni zilezile za zamani! Na msidhani mtarudi rimu ya 16 kirahisi. Diski za breki za mbele na kalipa zinazozibana zikishakuzwa, rimu ndogo haipiti. Pimeni kwanza nafasi kati ya kalipa na rimu kabla ya kununua seti.

Kuondolewa kwa tairi la akiba ndiko kunakoniudhi kuliko yote. Unafungua sakafu ya buti unakuta chupa ya gundi na kikompresa. Gundi hiyo inaziba tundu la msumari kwenye uso wa tairi, la milimita 4 hivi. Ukuta wa tairi ukichanika, haifanyi kitu, na tumeshaona kwamba tairi hizi nyembamba zinaumia hasa kwenye ukuta. Yaani wameongeza uwezekano wa aina ya pancha ambayo dawa waliyokupa haitibu. Nani alikaa mezani akapitisha hili?

Na ule utupu wa tairi lililoondolewa haupotei kwenye hesabu zao. Lita za buti hupimwa kwa vitofali vya milimita 200 kwa 100 kwa 50, kila kimoja lita moja. Ondoa tairi, jaza vitofali kwenye shimo lake, tayari una "buti kubwa zaidi" kwenye tangazo. Soma maandishi madogo: kipimo kinaishia kwenye kifuniko cha buti au kinafika paani? Kinajumuisha shimo la chini ya sakafu? Mimi naamini futi ya kupimia tu. Pima upana wa mdomo wa buti sehemu nyembamba kabisa, kimo cha kizingiti kutoka ardhini, na urefu wa sakafu viti vikiwa vimelazwa. Paa likishashushwa nyuma ili gari lionekane la michezo, lita zinaweza kubaki nyingi na friji ndogo isipite mlangoni.

Honda HR-V ndiyo mfano unaouma. Kizazi cha pili kiliweka tangi chini ya viti vya mbele, na kwa hiyo viti vya nyuma vilizama sakafuni vikalala bapa, au vikainuliwa makalio ukasimamisha kitu kirefu nyuma ya dereva. Toleo la Amerika Kaskazini la mwaka wa modeli 2023 likahamia kwenye msingi wa Honda Civic, na viti vile vikaondoka. HR-V inayouzwa Ulaya, ambayo Japani huitwa Vezel, ilibaki navyo. Kwa hiyo msituambie haiwezekani.

Vitufe navyo. Honda haohao waliondoa kitufe cha kuzungusha cha sauti, malalamiko yakajaa, na HR-V ya Amerika Kaskazini ikarudishiwa mwaka wa modeli 2019. Kuanzia 2026 Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari, inataka swichi halisi kwa indiketa, hazadi, waipa, honi na simu ya dharura kama gari linataka alama za juu. Imefika mahali shirika la usalama linawalazimisha kurudisha honi!

Taa: zamani ulibadilisha balbu. Sasa taa ya LED ni kipande kimoja kilichozibwa, ikizimika unanunua taa nzima, na ikiwa ipo chini ndani ya bampa, kugonga kidogo tu wakati wa kuegesha kunaimaliza. Rada ya kuangalia magari ya mbele, iliyo nyuma ya nembo, ikisogea nayo inahitaji kupimwa upya.

Tena sura mpya mara nyingi huja na injini mpya. Ford EcoSport ya lita 1.0 na Peugeot 2008 yenye injini ya PureTech ya lita 1.2 zilikuja na mkanda wa taimingi unaozunguka ndani ya oili. Oili ikichelewa kubadilishwa au ikiingiwa na petroli, mpira unavimba na kumeguka, vipande vinaziba chujio la kunyonyea oili, presha inashuka. Kwenye PureTech mkanda unaonekana kupitia tundu la kujazia oili, na kuna kipimo cha upana wake: usipopita kwenye kipimo, badilisha mara moja, na ufungue sampu, bakuli la oili chini ya injini, usafishe chujio. Kubadilisha mkanda bila kufungua sampu ni kazi nusu.

Mtaniambia mauzo hayajashuka. Ni kweli, hata HR-V ile isiyo na viti vile inauzwa vizuri, na hapo ndipo wanapojidanganya. Mauzo ya mwanzo yanapima matangazo, mkopo na hamu ya kitu kipya. Umaarufu wa krosova ndogo hujengwa na mmiliki wa pili na wa tatu, na fundi anayesema "chukua" au "usiguse". Huyo haonekani kwenye takwimu za shoroomu.

Sichukii kila kipya. Toyota RAV4 ya kizazi cha nne iliachana na tairi la mgongoni na mlango wa nyuma wa kufunguka kwa ubavu, watu wakalalamika. Mimi nawatetea: mlango ule ulidai nafasi kubwa nyuma ya gari, na uzito wa tairi uliichosha bawaba. Tairi lilihamishiwa chini ya sakafu, halikufutwa. Hayo ndiyo mabadiliko tunayoyataka.

Wenye matoleo mawili ya gari moja, la zamani na jipya, wekeni hapa vipimo vitatu: saizi ya tairi ya kiwandani, upana wa mdomo wa buti, na kilichopo chini ya sakafu yake. Picha za shoo ya mbele msilete.