"Take" kwa Kijapani: toru itumike wapi?

kalamu_mbili
Wakuu, natafsiri maelekezo ya wagonjwa wa kliniki, Kiingereza kwenda Kijapani. "Take" imejaa humo: vidonge, basi, pumzi, joto, saa mbili, mtoto. Kamusi inaanza na toru. Nitajuaje pa kuiweka?

bandari_ya_maneno
Mkuu, iseme kwanza sentensi kwa Kiswahili. Dawa tunakunywa, joto tunapima, pumzi tunavuta, basi tunapanda. Kijapani nacho hutenga hivyo hivyo: kusuri o nomu, netsu o hakaru, iki o suu, basu ni noru. Nomu ni ile ile ya kunywa maji, hata kwa vidonge. Taberu (kula) hapa ni kosa. Kwenye lebo ya dawa, hata hivyo, huandikwa fukuyō: 1日3回、食後に服用, yaani mara 3 kwa siku baada ya kula.

Chunga vineno vidogo kama o, ni na de, vinavyokaa kati ya nomino na kitenzi. Noru hutaka ni, si o. Basi likiwa njia ya kufika tu, andika basu de iku, kama tusemavyo "kwenda kwa basi". Kuchukua muda wa saa mbili ni ni-jikan kakaru, bila o. Ukitia o, kitenzi kinageuka kakeru, na maana inakuwa mtu ameamua kuutumia muda huo.

tazama_kanji
Kipimo hicho ni kizuri, ila "kupeleka" kitakuangusha. Sisi tunapeleka mtoto na tunapeleka mzigo kwa neno moja. Kijapani: kitu ni motte iku, mtu au mnyama ni tsurete iku. Tena tsurete iku haimfai mtu wa kuheshimiwa, maana anayepelekwa huonekana yuko chini ya anayempeleka. Mgonjwa akisindikizwa na muuguzi, andika go-annai shimasu.

kalamu_mbili
Asanteni sana. Toru yenyewe basi inabaki na nini?

tazama_kanji
Hapo kliniki, eksirei: rentogen o toru, kwa kanji (herufi zenye asili ya Kichina) 撮る, ile ya picha. Kuandika dondoo ni memo o toru, 取る. Sampuli ni 採る. Damu hasa huandikwa saiketsu suru, 採血する. Matamshi ya toru hizo tatu ni yale yale, kwa hiyo kompyuta huweza kukuletea kanji isiyo yake. Pitia kila toru kwa jicho kabla ya kukabidhi faili.