Gumzo la majirani: Bei imepanda tena

Baba Neema: Habari za asubuhi majirani. Mmeona bango la kituo cha mafuta? Wamebadilisha bei usiku.

Baba Neema: [picha]

Baba Neema: Mnajua mimi nakula kwa teksi. Hela ile ile niliyokuwa najazia tangi, leo mshale umeishia njiani. Nikimwambia abiria nauli imepanda, anafunga mlango anatafuta gari jingine. Nisipompandishia, natoka kazini jioni nimemfanyia kazi mwenye pampu.

Mama Rehema: Pole sana Baba Neema. Nimepita hapo nikaona watu wamesimama wanalitazama bango tu, hakuna anayesema kitu.

Mama Rehema: Mimi kupanda peke yake hakuniudhi sana. Mara ya mwisho tuliambiwa mafuta ghafi yamepanda duniani, tukavumilia. Baadaye taarifa ya habari ikasema yameshuka. Kwenye pampu bei ikabaki pale pale. Hilo ndilo linaloniuma.

Hamisi: Na wanasema itapanda tena. Mwenye dumu kubwa aniazime jamani, nikanunue ya pikipiki ya kutosha niiweke ndani kabla bei haijasogea.

Fundi Idi: Hamisi mdogo wangu, hapana. Tafadhali.

Fundi Idi: Petroli haingoji uishikie kiberiti. Inatoa mvuke muda wote, hata kwenye baridi kali, na mvuke ule ni mzito kuliko hewa. Hauruki juu ukapotea, unatambaa sakafuni. Dumu liko chumba hiki, jiko liko chumba cha pili, mvuke unapita chini ya mlango unakutana na moto. Na dumu la plastiki la maji halikutengenezwa kubeba petroli, linalegea na kuvuja taratibu bila wewe kujua.

Hamisi: Nilitaka kuliweka uani Fundi, siyo ndani.

Bibi Asha: Uani ndiko wanakocheza watoto. Hapana mjukuu wangu. Hela utakayookoa haifiki hata dawa ya kidonda cha moto.

Hamisi: Nimekuelewa Bibi. Naacha.

Dada Upendo: Naomba na mimi niseme, maana ninyi mko upande ule wa pampu na mimi niko upande huu. Watu wakisikia bei itapanda wanakuja wote siku moja, na madumu juu. Tangi la kituo linakauka kabla lori la mafuta halijafika, foleni inatoka nje hadi barabarani, halafu mtaani wanasema tumeficha mafuta.

Dada Upendo: Na bei sipangi mimi. Naingia zamu asubuhi naikuta imeshawekwa kwenye mashine, naisoma kama mnavyoisoma ninyi. Jana mteja alinirushia noti chini akaniambia tugawane wizi wetu. Nikainama nikaziokota. Mshahara wangu haupandi bei ikipanda.

Mama Rehema: Pole mdogo wangu. Hiyo siyo haki kabisa. Majirani, hasira tunayo, lakini iende inakostahili. Msichana anayeshika bomba la mafuta siye.

Hamisi: Sasa inakostahili ni wapi? Maana kila mtu anasema siye yeye.

Mwalimu Tatu: Swali zuri Hamisi. Ngoja nimalize kipindi nikuandikie.

Baba Zawadi: Nimetumiwa hii, isaidie majirani:
_"Siri 3 za kuokoa mafuta ambazo vituo havitaki ujue! Jaza alfajiri tu, mafuta yakiwa baridi yanakuwa mazito. Mteremkoni toa gia, weka nyutro. Weka petroli ya oktani ya juu, gari litakula kidogo. Tuma kwa watu 10."_

Fundi Idi: Baba Zawadi ahsante kwa nia njema, lakini hii ya nyutro nimeona magari yaliyopinduka kwa sababu yake, siwezi kukaa kimya.

Fundi Idi: Gari la siku hizi linaloongozwa na kompyuta, ukiwa ndani ya gia halafu ukaachia akseleta mteremkoni, linakata mafuta lenyewe. Magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka nyutro injini inabaki bila msaada, inabidi ichome mafuta ili isizime. Umekula mafuta zaidi, umepoteza nguvu ya injini ya kukushikilia, umebaki na breki peke yake, nazo zinachemka.

Fundi Idi: Ya alfajiri: matangi ya kituo yako chini ya ardhi, joto la mchana haliyabadilishi kiasi cha wewe kuhisi mfukoni. Ya oktani, ile namba ya daraja la petroli: kama kitabu cha gari hakikudai oktani ya juu, unalipa zaidi bure.

Baba Zawadi: Nimeshaitoa Fundi. Basi tupe za kweli.

Fundi Idi: Upepo wa matairi kwanza. Tairi legevu linavuta gari nyuma siku nzima na mwenyewe huoni. Pima likiwa baridi, soma namba iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, siyo iliyoandikwa kwenye tairi, ile ni ya juu kabisa. Mwendo: ukivuka kilomita 80 kwa saa, upepo unaoukata unaanza kukudai mafuta mengi. Na kuunguruma bure mnapongojana getini, injini inakula wala hujaenda popote.

Fundi Idi: Lakini ninachokiona gereji sasa hivi ni kingine, na kinanisikitisha. Watu wanaweka mafuta kidogo kidogo, taa ya njano inawaka wiki nzima. Pampu ya mafuta ya magari mengi iko ndani ya tangi, inapozwa na mafuta yenyewe. Tangi likikaa tupu, pampu inachemka, inavuta na uchafu wa chini. Siku ikifa, bei ya pampu mpya ni mafuta ya muda mrefu. Najua mnafanya hivyo kwa sababu hela haipo. Basi jitahidini isishuke chini ya robo.

Baba Neema: Robo Fundi! Robo yenyewe ndiyo nguo za shule.

Fundi Idi: Najua ndugu yangu.

Mwalimu Tatu: Nimerudi. Hamisi, sikia. Mafuta ghafi huuzwa kwa pipa, pipa moja ni kama lita 159, na yanauzwa kwa dola. Kwa hiyo hapo kuna mambo mawili yanayoweza kukupandishia bei. Moja ni pipa lenyewe. La pili ni sarafu: sarafu yako ikishuka mbele ya dola, unalipa zaidi hata kama pipa halijasogea. Juu yake weka gharama ya kiwanda cha kusafisha, meli, bima, ghala, lori, faida ya anayeagiza na faida ya kituo. Halafu kodi.

Mwalimu Tatu: Kodi ndiyo watu wengi hawaielewi. Nchi nyingi zina ushuru uliowekwa kwa kila lita. Mafuta yawe ghali yawe rahisi, ushuru ule haubadiliki. Ndiyo maana pipa likishuka nusu, bei ya pampu haiwezi kushuka nusu. Chukua mfano tu: gawa bei ya lita kwenye mafungu 100, tuseme 40 ni ya mafuta ghafi. Yakishuka nusu, kinachopungua ni mafungu 20.

Baba Neema: Sawa Mwalimu. Basi nipewe hayo 20 yangu. Sidai nusu.

Mwalimu Tatu: Na hapo una haki kabisa. Hilo jambo limechunguzwa. Mwaka 1991 mchumi Robert Bacon aliandika kuhusu petroli ya Uingereza: mafuta ghafi yakipanda, pampu inafuata haraka, yakishuka, pampu inajivuta. Wengine wamechunguza masoko mengine tangu wakati huo, na sehemu nyingi wamekuta hali hiyo hiyo. Kwa hiyo mnachokiona si fikra zenu.

Hamisi: Lakini Mwalimu, mafuta yaliyoko kwenye tangi la kituo leo yalinunuliwa kwa bei ya zamani. Kwa nini yauzwe kwa bei mpya?

Mwalimu Tatu: Jibu la muuzaji ni kwamba akiuza kwa bei ya zamani hatapata hela ya kununua mzigo unaofuata, ambao ni ghali.

Mama Rehema: Hiyo sababu mimi naikubali. Kweli kabisa, naikubali, nimewahi kuwa na duka. Lakini kama bei ya leo inapangwa na mzigo unaokuja, basi mzigo unaokuja ukiwa rahisi, shusha leo hii hii. Mbona bei ikishuka duniani tunaambiwa subirini tumalize mzigo wa zamani? Wakati wa kupanda tunahesabiwa mzigo mpya, wakati wa kushuka tunahesabiwa wa zamani. Wachague hesabu moja.

Baba Neema: Mama Rehema umesema!!!

Dada Upendo: Hata sisi kazini hatujawahi kuliweka hivyo.

Baba Zawadi: Hiyo ndiyo hoja. Hiyo hiyo.

Hamisi: Shikamoo Mzee Salim, naona unasoma tu. Wewe uliyeendesha malori miaka yote, ilikuwa hivi zamani?

Mzee Salim: Marahaba mwanangu. Nachelewa kuandika, macho.

Mzee Salim: Nilikuwa utingo mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta wakati wa vita vyao na Israeli. Pipa lilikuwa kama dola 3, mwanzo wa 1974 likawa karibu 12. Tajiri alikuwa anapima dizeli kwa kijiti kabla hatujatoka na tukirudi. Mwaka 2008 mwezi wa Julai pipa lilipita dola 147, na kufika Desemba lilikuwa chini ya 40. Mwaka 2020 wakati wa korona, tarehe 20 Aprili, mafuta ya Marekani yalifika chini ya sifuri, aliyekuwa nayo anamlipa mtu ayachukue kwa sababu maghala yamejaa. Mwaka 2022 Urusi ilipoivamia Ukraina, pipa likapita tena dola 120.

Mzee Salim: Nimeyaona yote hayo. Nauli iliyopanda kwa ajili ya mafuta nimeiona mara nyingi. Nauli iliyoshuka kwa ajili ya mafuta, sikumbuki.

Bibi Asha: Ndiyo nilichokuwa nangoja mtu akiseme. Mimi sina gari wala pikipiki. Lakini mkilalamika ninyi, ninayelipa na mimi nimo. Kila kilichoko dukani kimekuja kwa lori, na lori linakunywa dizeli. Mwenye gari anaweza kuliegesha. Mimi nitaegesha nini? Kwenda kliniki ni lazima.

Mama Rehema: Bibi, kliniki ni lini?

Bibi Asha: Alhamisi asubuhi.

Mama Rehema: Napita njia ile ile. Utakaa mbele na mimi.

Hamisi: Halafu si kuna nchi zina visima vyao? Wao si wanaweka bei rahisi?

Mwalimu Tatu: Kisima si petroli Hamisi. Nijeria imeuza mafuta ghafi nje miaka mingi sana huku ikiagiza petroli kutoka nje, kwa sababu viwanda vyake vya kusafisha vilikuwa havifanyi kazi inavyotakiwa. Na serikali ikilipa ruzuku ili bei ibaki chini, hela hiyo inatoka mahali, na siku ruzuku ikiondolewa bei inaruka kwa mkupuo. Hilo nalo limewakuta mwaka 2023.

Baba Zawadi: Kwa hiyo ruzuku siyo dawa?

Mwalimu Tatu: Inaweza kumpumzisha mtu. Ila mwenye magari manne anapata ruzuku mara nne ya Baba Neema, na Bibi Asha anapata kidogo kuliko wote. Mimi ningetaka kwanza tuonyeshwe hesabu. Kila bei mpya itoke na mchanganuo wake: mafuta ghafi kiasi gani, dola ilikuwa kiasi gani, usafiri, faida ya kila mmoja, kodi. Ibandikwe pale pale kituoni chini ya bei, mtu aisome anapongoja zamu.

Dada Upendo: Ingenisaidia sana. Mteja akiuliza namwonyesha kidole, asome mwenyewe.

Mama Rehema: Basi tuandike barua. Ya mtaa mzima, siyo ya wenye magari tu. Tuipeleke kwa mwakilishi wetu na kwa wanaosimamia bei ya mafuta. Tuombe mchanganuo, na tuombe bei ishuke kwa kasi ile ile inayopandia. Mwalimu uandike, una lugha nzuri.

Mwalimu Tatu: Naandika leo usiku. Hoja ya mzigo mpya na mzigo wa zamani naiweka juu kabisa.

Dada Upendo: Ongezeni na vipimo. Pampu zote zikaguliwe na muhuri wa ukaguzi uonekane. Na ninyi mkija, tazameni namba ianzie sifuri kabla bomba halijaingia, na msione aibu kudai risiti. Anayefanya kazi vizuri haogopi hilo.

Mzee Salim: Weka na jina langu. Na Bibi Asha awe wa kwanza kutia sahihi, wajue si suala la wenye magari.

Bibi Asha: Nitatia. Nileteeni nyumbani.

Baba Neema: Mimi nitaipitisha nyumba hadi nyumba jioni nikishapaki. Na jamani, wanaokwenda mjini asubuhi, badala ya kila mtu kutoa gari lake, nina nafasi za watu wanne. Mchangie mafuta, mimi nipate uhakika wa safari moja kwa siku, nanyi mpumzishe magari.

Baba Zawadi: Niweke.

Mama Rehema: Na mimi, isipokuwa Alhamisi.

Fundi Idi: Baba Neema pitia gereji kwanza nikupimie upepo. Bure.

Baba Neema: Nakuja sasa hivi.

Mwalimu Tatu: Nitaituma rasimu hapa kabla ya kulala. Mwenye la kuongeza aongeze kabla ya saa 4 usiku.