Tupeane uzoefu: Baridi ikiisha Arusha na Moshi, wewe unaanza na nini?

Chalii wa Njiro

Wakuu, heshima kwenu. Tumeuvuka Agosti salama, na wenzangu wa Njiro, Sakina, Ngaramtoni, Uru na Machame mnaelewa nikisema salama. Kamba ya nguo imejaa wiki nzima na hakuna soksi iliyokauka, sweta la mtoto la shule linakaushwa kwa pasi, ukipanda kitandani shuka utadhani limemwagiwa maji. Sasa jua limerudi. Kipupwe kimeaga, vuli bado haijabisha hodi, na kwa mtazamo wangu hapa katikati, Septemba hadi mwanzoni mwa Novemba, ndipo mikoa yetu hii miwili inapokuwa mitamu kuliko kwingine kote nchini. Wa pwani mnisamehe.

Naomba tupeane uzoefu wa raha ndogondogo za kipindi hiki, zile za nyumbani na mtaani, pamoja na mipango yenu: kupanda, kujenga, kuoa, kutembea. Sharti ni moja tu, msinibandikie matangazo ya utalii.

Naanza mimi. Kwangu ni magodoro. Jumamosi ya kwanza yenye jua la kuaminika yote yanatoka nje, yanalazwa kwenye majani saa nne, saa saba yanageuzwa. Mama watoto anatandika mablanketi juu ya michongoma mpaka ua hauonekani. Jirani akichungulia tu, na yeye anatoa ya kwake, na ikifika mchana mtaa mzima umeanika. Ila mlima Meru ni Meru. Saa tisa unaona wingu linashuka kutoka juu kama mtu aliyetumwa, na hapo hakuna baba wala mgeni, kila mtu anabeba godoro kichwani anakimbia. Mwaka jana mgeni wetu wa kutoka Dar alibeba la mtoto akaingia nalo nyumba ya jirani. Usiku wa siku hiyo lakini, hakuna anayebaki kuangalia televisheni.

Boda wa Majengo

Mkuu umenichekesha na mgeni wako. Mimi ni wa Moshi, raha yangu ni kuvua koti la mvua nililolala nalo tangu Mei, nikapiga shati tu. Ila naomba nitoe tahadhari kwa wenzangu wa pikipiki. Oktoba mijakaranda ikichanua kila mtu anapiga picha, barabara ya zambarau, sawa, pazuri. Maua yale yakimwagika kwenye lami, yakakanyagwa na magari, halafu ikapita manyunyu kidogo, yanateleza kuliko sabuni. Kona za chini ya miti ile punguza mwendo, usikamate breki ya mbele ghafla. Abiria wa kike mwenye keki ya sherehe mkononi hatakuelewa.

Mama Kihamba

Wanangu hamjambo. Ninyi wa mjini mnaongelea magodoro, sisi huku Kibosho jua la sasa ni kahawa. Mavuno tunaanza kama Julai na yanaweza kutufikisha Desemba, kwa sababu kahawa haiivi kwa pamoja. Mti huohuo una nyekundu, una kijani, unarudi tena na tena. Unachuma zilizoiva tu, jioni unamenya kwa mashine ya mkono, inalala kwenye maji ichachuke ule utelezi utoke, unaosha, ndipo unaimwaga kwenye vichanja. Kazi ngumu inaanzia hapo. Julai jua ni la kubembeleza, wingu limekaa kichwani siku tatu, kahawa inanuka uvundo usipoigeuza kila mara. Septemba naimwaga asubuhi, naigeuza kwa mkono, mchana jua likizidi naifunika isipasuke ganda, jioni naifunika tena umande usiiguse. Ikikauka sawasawa, ukiitikisa kiganjani inalia kavu. Mlio huo mimi naupenda kuliko redio. Maana nikiifikisha chama cha msingi cha ushirika na unyevu, daraja linashuka na hela inashuka nalo.

Raha nyingine ni ya siku chache. Kahawa ikishakaa na ukame, ikapigwa na mvua ya kwanza, siku kadhaa baadaye inafungua maua meupe, kihamba chote, yaani shamba letu la nyumbani, kinanukia asmini. Ukichelewa kutoka nje siku mbili tatu yameshanyauka. Huwa naacha uji jikoni nikazunguke tu. Mzee anasema naongea na miti. Mwache aseme.

Mipango yangu: mfereji. Kipindi hiki maji ya mfongo, ndiyo mfereji wetu wa asili, ni kwa zamu, na wa juu akilala akasahau kuziba, wa chini anakosa. Msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wa kuzibua umeshatangazwa. Vijana wenye simu nzuri huwa siwaoni siku hiyo.

Mgumu Mstaafu

Shikamoo Mama Kihamba. Nimebeba mizigo mlimani Kilimanjaro miaka mingi kabla magoti hayajagoma, niongeze kitu ambacho watu wa chini wengi hawakijui. Baridi yetu ya Juni hadi Agosti inaletwa na kusi. Upepo unatoka baharini na unyevu, unagonga huu upande wa kusini wa mlima, unapanda, unapoa, unakuwa wingu, na wingu lenyewe linakaa juu ya vijiji na msitu. Halipandi sana. Kwa hiyo Moshi mnalia hamjaona jua wiki nzima, sisi tukishatoka msituni, tukavuka mita 3,500 hivi, tuko kwenye jua kali ngozi inabanduka, tunaangalia wingu kwa chini, limetandazwa mpaka Meru. Usiku ndoo ya maji inaganda. Unajisikia vibaya kumpigia mke simu ukamwambia kuna jua, yeye anakausha nepi kwa jiko la mkaa.

Kwa mwenye mpango wa kupanda, Septemba na mwanzoni mwa Oktoba njia ni kavu, matope ya msituni yamepungua. Ila hata siku nzuri mlima una tabia yake: asubuhi kweupe, kuanzia saa tano sita ukungu unaanza kupanda kutoka msituni, alasiri hauoni hema la jirani, jioni kunafunguka tena. Ndiyo maana tunaamsha watu mapema. Siyo ukatili.

Na wapiga picha wa Moshi mjini: mlima hauonekani vizuri zaidi wakati wa kiangazi chenyewe, kuna vumbi na ukungu wa joto. Subirini vuli ianze. Asubuhi baada ya mvua ya usiku vumbi limeoshwa, Kibo ina theluji mpya, Mawenzi unaona kila jino lake. Saa kumi na mbili na nusu uwe umeshatoka nje. Saa tatu huwa wingu limeshaufunga.

Wa Kisongo

Nyie mnaokaa penye migomba mnaongea kama nchi nzima iko hivyo. Njooni Kisongo Septemba. Vumbi! Unafua nguo nyeupe, unaanua za kaki. Mifugo imekonda, majani hakuna, upepo unazunguka unabeba mifuko ya nailoni mpaka angani. Sisi raha yetu inaanza vuli ikija, siyo sasa. Sijakataa mada, nasawazisha tu.

Mgumu Mstaafu

@Wa Kisongo una haki. Wingu likishamwaga maji kwenye mlima, upande wa pili linafika tupu. Hata hapa Kilimanjaro, msitu wa kusini unapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ukishuka Kahe hupati hata nusu. Mwendo wa daladala moja tu.

Bibi Harusi Mtarajiwa

Harusi yetu ni Oktoba mwishoni, Moshi, ukumbi wa wazi bustanini. Kamati imegawanyika. Mwenyekiti anasema Oktoba hainyeshi, hela ya hema iende kwenye mbuzi. Mweka hazina (mjomba wangu, Mpare, hatupi shilingi) kwa maajabu ndiye anayetaka hema. Wenye uzoefu nisaidieni kabla ya kikao cha Jumapili.

Chalii wa Njiro

@Bibi Harusi Mtarajiwa hongera dada! Kodi hema. Nilihudhuria harusi moja Usa River kipindi kama hicho, mchana jua la kuchoma, bibi harusi anapepewa. Wakati wa kufungua shampeni ikaja ngurumo moja kutoka upande wa Meru, wazee wote wakainuka na sahani zao kabla MC hajasema neno. Wazee wanajua. Mvua ilinyesha nusu saa kisha nyota zikatoka, lakini pilau lilikuwa limeshakuwa mtori.

Mpare wa Same

Mjomba wako namuunga mkono kwa asilimia zote. Mpare akikubali kutoa hela ya hema, jua mvua ipo.

Mkulima wa Tengeru

Kwa wanaopanda vuli. Mamlaka ya Hali ya Hewa huwa inatoa mwelekeo wa msimu mapema, sikilizeni sehemu ya nyanda za juu kaskazini mashariki, ndiyo sisi, msisikilize ya pwani. Halafu mvua ya kwanza msiiamini. Inanyesha jioni moja, kumbikumbi wanatoka, watoto wanawafukuza chini ya taa, kesho yake kila mtu yuko shambani na maharage. Inakata wiki mbili. Yameota, yanakauka. Mimi nachimba kwa jembe kwanza. Udongo ukiwa na unyevu mpaka kina cha kiganja kilichosimama ndipo napanda. Kwa sasa natayarisha shamba, namwaga samadi, na Jumatano na Jumamosi nauza parachichi soko la Tengeru. Ukipita asubuhi hiyo, kunywa uji kwa akina mama kwanza, ndipo uulize bei. Mwenye njaa huwa anauziwa vibaya.

Dada wa Rau

Mimi sina shamba wala harusi. Raha yangu ni baiskeli kwenye msitu wa Rau Jumapili baada ya ibada, njia imekauka, hakuna kuzama kwenye tope. Na mara moja kila mwaka, kipindi hikihiki, tunachanga marafiki kwenda Chemka. Kwa wasiopafahamu, unashukia Boma Ng'ombe, unaingia barabara ya vumbi. Wanapaita maji moto lakini si ya moto, ni vuguvugu tu, na ni maangavu unaona mizizi ya mikuyu chini kabisa. Kuna visamaki vinadonoa miguu. Mwenzetu mmoja mwenye kucha ndefu alipiga kelele watu wakadhani mamba. Nendeni siku ya kazi kama mnaweza. Mwisho wa wiki kamba ya kurukia ina foleni, na kila spika inapiga wimbo wake.

Niko Dar Kwa Muda

Mnanitesa. Huku joto limeshaanza. Swali langu ni la Desemba, maana mpango bila nauli ni hadithi. Basi zikikaribia Krismasi tiketi zinapotea. Treni ya Dar kwenda Moshi iliporudi 2019 nilipanda na watoto, walipenda, wanalala, wanakula, wanatembea ndani. Nani anajua vizuri, tiketi nikate lini? Na Mama Kihamba, tukija huko kwenu kuna mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, au mmeshaacha?

Boda wa Majengo

Kata mapema kaka, Novemba ikifika katikati kila Mchaga anakumbuka ana bibi kijijini.

Mama Kihamba

@Niko Dar Kwa Muda, mbege tuache tukanywe nini? Ndizi ninazo, shida ni ulezi, huku hautoshi na Desemba unapanda bei. Njoo na debe la ulezi mkavu, usiwe na mawe, ukifika tarehe ishirini nautia chipukizi mwenyewe. Na watoto waje na masweta, usinidanganye eti Desemba ni joto. Jioni nitawaona wamejikunyata jikoni kwangu.